Punda wa Bethlehemu: salamu za Krismasi kutoka Mbeya

Ndugu zangu, wanangu, wajukuu, na ninyi nyote mliowahi kuketi nami kwenye somo la Biblia la Jumatano jioni: Bwana Yesu asifiwe. Mlioko Tukuyu na Kyela, mwaghonile. Mlioko Iringa na Njombe, kamwene. Mlioko Dar es Salaam na mbali zaidi, wakubwa shikamooni, wadogo marahaba.

Huku mvua zimeshika. Asubuhi mlima Loleza hauonekani mpaka ukungu upande. Waliowahi kupanda, mahindi yao yamefika magotini. Waliochelewa wanakwenda na majembe kupalilia mapema kabla mvua haijawarudisha. Kila usiku mabasi yanashusha watu na maboksi yao, na nyumba zilizokuwa na watu wawili mwaka mzima sasa zina watoto wanaolala mzungu wa nne. Nashukuru Mungu kwa kelele hizo.

Mwaka huu salamu zangu zinaanza na punda.

Jumapili ya pili ya Majilio tulibaki baada ya ibada kupanga igizo la watoto wa Shule ya Jumapili. Binti mmoja wa ushirika wetu, anayesoma theolojia na amerudi likizo, akaomba nafasi ya kusema. Akauliza kwa adabu kabisa: "Wazee wangu, huyu ng'ombe na huyu punda tumewatoa wapi? Luka hawataji." Tukafungua Luka 2. Ni kweli. Kuna hori, kuna wachungaji kondeni, kuna malaika. Ng'ombe tunamsikia kwa sababu Biblia yetu ya Kiswahili ya Union, ile ya mwaka 1952, inasema "hori ya kulia ng'ombe". Kigiriki cha Luka kinataja hori tu. Punda hayupo kabisa. Mzee mmoja, ambaye amelitumikia kanisa tangu mimi ni kijana, akasimama. "Leo mnamwondoa punda," akasema, "kesho mtaiondoa nyota, keshokutwa mtamwondoa Mtoto mwenyewe." Tuliomba, tukatawanyika bila kuagana vizuri.

Nimekaa na maneno yale siku nyingi. Hofu ya mzee naijua, niliwahi kuwa nayo. Swali la binti nalo nalijua, nililiuliza kimoyomoyo miaka mingi kabla sijathubutu kulisema. Wote wawili wanaipenda Biblia. Na punda waliyegombana juu yake ana habari ndefu, inayobeba karibu historia nzima ya jinsi Wakristo walivyoyasoma Maandiko. Ndiyo zawadi yangu kwenu mwaka huu. Mniwie radhi kwa urefu wake.

Wakristo wa kwanza waliozungumza Kigiriki walilisoma Agano la Kale kwa Kigiriki. Humo, Isaya 1:3 inasema ng'ombe amjua bwana wake, na punda aijua hori ya bwana wake. Neno la "hori" ni lile lile analotumia Luka pale Mariamu alipomlaza mtoto. Sisi wasomaji wa Union hatuwezi kuuona uzi huo, kwa kuwa Isaya wetu anasema punda ajua "kibanda cha bwana wake". Lakini Origen, aliyezaliwa yapata mwaka 185 na kufundisha Aleksandria, Misri, aliuona, akamwingiza punda wa Isaya kwenye hori ya Luka. Habakuki 3:2 nayo ikasaidia: Kiebrania kinasema "katikati ya miaka", kama tunavyosoma sisi, ila Kigiriki kile cha zamani kilisema Bwana atajulikana katikati ya viumbe hai wawili. Wahubiri waliofuata wakaendelea: ng'ombe, mnyama safi kwa sheria ya Musa, ni Wayahudi, punda, mnyama najisi, ni mataifa. Wote wawili wanakula kwenye hori moja.

Basi punda yule, ndugu zangu, ni sisi. Ni Mnyakyusa, ni Msafwa, ni Mhehe, ni Mbena. Nilipolielewa hilo mara ya kwanza nilifunga kitabu, nikanyamaza kwa muda mrefu.

Origen alifundisha kwamba kama mtu alivyo na mwili, nafsi na roho, ndivyo na Maandiko yalivyo: kuna maana ya juujuu, na kuna maana zilizositirika ndani. Njia hiyo ililisha kanisa kwa karne nyingi, lakini haikukosa wapinzani. Walimu wa Antiokia, kama Theodore wa Mopsuestia, waliona kuwa mtu akigeuza kila kitu kuwa fumbo, mwisho hata historia yenyewe ya Mungu na watu wake inayeyuka. Yohana Krisostomo, aliyehubiri katika mji huo huo, alieleza mstari baada ya mstari, akimwonya tajiri juu ya maskini aliyelala mlangoni pake. Nikisoma hotuba zake najihisi niko kwenye benchi la mbele.

Augustino, askofu wa Hippo, mji ulio leo nchini Algeria, alisema katika mfano wa Msamaria Mwema kwamba majeruhi ni Adamu, wanyang'anyi ni shetani na malaika zake, Msamaria ni Kristo, nyumba ya wageni ni kanisa, na mwenye nyumba ile ni mtume Paulo. Mimi siwezi kuhubiri kwamba mwenye gesti ni Paulo; Yesu aliutoa mfano huo kumjibu mtu aliyeuliza jirani yake ni nani, na jibu lile linatosha kutuhangaisha. Hata hivyo ni Augustino huyo huyo aliyeweka kipimo ambacho sijaona kilicho bora zaidi: anayedhani ameelewa Maandiko, lakini ufahamu wake haujengi upendo kwa Mungu na kwa jirani, huyo bado hajaelewa. Kikao chetu cha Majilio kingekwenda vingine kama tungekianza na neno hilo.

Na msidhani sisi ndio wa kwanza kugombania mnyama au mmea. Jerome, mtafsiri wa Biblia kwa Kilatini, aliyehamia Bethlehemu mwaka 386 na kuishi huko mpaka kufa kwake, aliacha kutafsiri Agano la Kale kutoka Kigiriki, akarudi kwenye Kiebrania. Alipofika kwenye mmea uliomtia Yona kivuli, ambao Biblia za Kilatini za zamani ziliuita mmea wa jamii ya mamung'unye, yeye akauandika kuwa mtambaa mwingine kabisa. Askofu mmoja wa Oea, mji ambao leo ni Tripoli nchini Libya, aliposoma tafsiri hiyo kanisani, watu walifanya vurugu kiasi kwamba nusura abaki bila waumini. Augustino alimwandikia Jerome kumweleza mkasa huo mwaka 403. Watu walikuwa wameusikia mmea wao tangu utoto. Union yetu inasema "mtango", na nina hakika mtu akisimama Jumapili kwetu akausoma kwa jina lingine, mzee wetu atasimama tena.

Karne za kati nazipita haraka. Walifundisha maana nne za andiko, na mfano wao ulikuwa Yerusalemu: kihistoria ni mji wa Wayahudi, kwa fumbo ni kanisa, kwa maadili ni nafsi ya mtu, kwa tumaini ni mji wa mbinguni. Thomas Aquinas aliweka nguzo muhimu: maana zote nyingine zisimame juu ya maana ya wazi ya maneno. Na mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio nchini Italia, Fransisko wa Assisi aliandaa hori yenye majani makavu, akaleta ng'ombe na punda walio hai, ili watu waone kwa macho yao umaskini aliozaliwa nao Bwana. Igizo la watoto wetu ni mjukuu wa usiku ule.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo. Martin Luther alitoa Agano Jipya kwa Kijerumani mwezi Septemba 1522. Mwaka uliofuata, katika dibaji yake ya Agano la Kale, aliandika kwamba humo msomaji ataikuta hori na nguo za kitoto alimolazwa Kristo. Nguo ni duni, akasema, lakini hazina iliyolala ndani yake ni ya thamani. Nimelirudia neno hili mara nyingi msimu huu. Biblia ni hori. Imechongwa kwa mbao za lugha za watu, ina mafundo ya mbao na alama za patasi, na mtu anaweza kuikagua ubao kwa ubao bila kumwangusha aliyelala ndani. Ni kweli Luther naye, pamoja na kusisitiza kwamba Maandiko yajifafanue yenyewe, alikutana na Zwingli, mwanamatengenezo wa Uswisi, kule Marburg, Ujerumani, mwaka 1529 wakashindwa kupatana juu ya maneno "huu ndio mwili wangu". Maandiko yalikuwa wazi kwa wote wawili, kila mmoja kwa namna yake. Linaniuma mpaka leo.

Sisi Wamoraviani tuna desturi yetu pia. Tangu mwaka 1728, kule Herrnhut, Ujerumani, kiongozi wetu Zinzendorf alianza kuwapa watu neno moja la siku, na mwaka 1731 likatoka kwa kitabu cha mwaka mzima. Wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891 walikuja na desturi hiyo. Mama yangu hakuwasha moto asubuhi kabla neno la siku halijasomwa. Naipenda, na bado nawaomba wanangu: mkipata mstari, someni na sura yake. Mstari peke yake hupotea njia kirahisi.

Hofu ya mzee wetu hasa inatokana na karne ya 19, pale wasomi wa Ujerumani walipozidi kuiuliza Biblia maswali yale yale yanayoulizwa vitabu vingine: nani aliandika, lini, kwa watu gani. David Friedrich Strauss, mwaka 1835, alizieleza habari nyingi za Injili kuwa hadithi zilizokua ndani ya jumuiya ya waumini. Imani za wengi zilitikisika, siwezi kuficha. Lakini maswali yenyewe hayakuwa adui. Mwaka 1943 Papa Pius XII aliwahimiza wasomi Wakatoliki kuchunguza mitindo ya uandishi ya watu wa kale, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wao, ukalithibitisha hilo mwaka 1965. Yule binti wetu anayesoma theolojia anatembea katika njia ambayo makanisa mengi yameshaipita.

Sasa niwaambie habari ya bibi yangu, Mungu amrehemu. Hakusoma shule. Nilipokuwa darasa la tano nilimsomea Luka 2 jikoni, nikafika pale nafasi haikuwepo katika nyumba ya wageni. Mimi nilikuwa naona gesti za stendi, na mwenye gesti mkali anayewafukuza watu. Bibi akaniuliza, "Hori si iko ndani?" Nikamwambia hapana, wako zizini, nje. Akatikisa kichwa. "Sisi tulilala upande huu, ng'ombe upande ule, nyumba moja. Mgeni akizidi, mwenye kujifungua anapelekwa kwenye joto, kwa ng'ombe. Huko ndiko kusiko na macho ya watu."

Nilidhani bibi hajaelewa. Miaka zaidi ya 30 baadaye nikasoma kwamba neno la Kigiriki pale ni lile ambalo katika Luka 22:11 linatafsiriwa "chumba cha wageni", pale Yesu alipoandaa Pasaka. Luka alipotaka kusema nyumba ya wageni ya kulipia, kwa habari ya Msamaria, alitumia neno lingine. Na nyumba nyingi za wakulima wa Palestina zilikuwa na chumba kimoja kikubwa, familia sehemu iliyoinuka, wanyama sehemu ya chini karibu na mlango, hori kati yao. Wataalamu wengi leo wanasoma mstari ule hivyo: chumba cha wageni kilijaa, mtoto akazaliwa ndani, katikati ya jamaa. Bibi alifika huko kwa sababu alikuwa ameishi katika nyumba kama ile.

Hapa Mbeya wapo watafsiri ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakiiweka Biblia katika Kisafwa, Kimalila, Kindali, Kikinga na lugha nyingine za jirani. Nawaombea kila wakifika Luka 2:7. Nani aulizwe kwanza, kamusi au bibi? Mimi nasema wakae wote meza moja.

Jumapili iliyopita tulikutana tena. Mzee alikuwa ametangulia. Kumbe alikuwa amempigia binti simu, wakasoma Isaya 1 pamoja, na yeye ndiye aliyependekeza kwamba kabla ya igizo mstari wa tatu usomwe kwa sauti, kisha binti aeleze kwa maneno machache punda alikotoka. Hori haitakuwa zizini nje. Fundi wetu anatengeneza nyumba moja ya mbao, mikeka upande mmoja, majani upande wa pili, na matawi ya msonobari mlangoni. Mariamu, Yusufu, shangazi, watoto na wanyama, wote ndani.

Mkesha unaanza saa mbili usiku. Mnaopanda kutoka Kyela, mchele mwaka huu tunautegemea kwenu. Mnaotoka Dar, barabara ya Kitonga ina mvua na ukungu, msiwaharakishe madereva. Mjukuu wangu wa miaka sita ndiye punda. Ameshajifunza kusimama kimya karibu na hori, na anaomba mfike mapema mkae mbele.

Krismasi njema, na Mungu awafikishe salama.