Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Jumuiya Yetu, Moshi

Ndugu wanajumuiya, Bwana Yesu asifiwe.

Hesabu atazisoma mweka hazina, nami sitamwingilia. Niseme tu kwamba michango ya mwaka huu imeingia vizuri, na karibu yote imeingia kwa simu. Hapo ndipo lilipo neno langu.

Mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamekolea, mama mmoja wa jumuiya yetu alilazwa. Kabla jua halijazama, fedha za pole zilikuwa zimeshatumwa, na mimi mwenyekiti wenu nilikuwa wa kwanza kutuma. Nikajiona nimemaliza. Aliporuhusiwa kurudi nyumbani alikaa siku tisa bila hata mmoja wetu kupiga hodi. Siku ya kumi nilipanda kwake, viatu mkononi kwa ajili ya utelezi, nikamkuta jikoni peke yake akimenya ndizi za mtori kwa mkono mmoja, simu ikiwa juu ya kinu kilichofunikwa.

"Mwenyekiti, hela nimezipata, asanteni sana," akasema. "Ila simu hainywi chai na mtu."

Nikachukua kisu nikamsaidia. Ninamenya vibaya, nusu ya ndizi inaondoka na ganda, naye alicheka mpaka akashika ubavu. Sikumbuki kikao kingine cha mwaka huu kilichonifaa kuliko kile.

Vijana wameniuliza, si mtu anaweza kusali nyumbani na mahubiri akayasikiliza redioni? Anaweza. Lakini Bwana aliwatuma wanafunzi wake wawili wawili, na usiku wa Gethsemane aliwaomba watatu wakeshe naye. Walilala, ni kweli, ila aliwaomba. Paulo naye, akiwa kifungoni, anamwandikia Timotheo amletee joho lake na vitabu, kisha anamhimiza afike kabla ya majira ya baridi. Joho mtu mwingine yeyote angeweza kulibeba. Alimtaka Timotheo mwenyewe.

Wala jambo hili si geni mlimani kwetu. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefanya kazi Old Moshi na kuondoka mwaka 1938, alishikilia kwamba usharika usimame juu ya ukoo, ujirani na rika, mambo ambayo Wachagga walikuwa nayo tayari. Wapo waliomlaumu kwamba alizitukuza mno mila, nami naona walikuwa na hoja. Ukoo hujua pia kufunga mlango. Tunao wenzetu waliopanga chumba kimoja kule Majengo, hawana kihamba, yaani shamba la ukoo, hapa wala shangazi, na wakiugua hakuna wa kuwachemshia uji. Kwao jumuiya ndiyo ukoo, la sivyo hawana kitu. Kwenye ujirani, lakini, mzee yule sina ugomvi naye.

Mengine kwa ufupi. Benchi mbili zimevunjika na fundi ameshaonyeshwa. Desemba, ndugu zetu walipopanda kutoka Dar es Salaam, tulikaa hadi uani. Januari tukabaki kumi na mmoja. Ndivyo Kilimanjaro ilivyo, simlaumu mtu.

Kamati inaleta pendekezo moja: mgonjwa au mfiwa atembelewe na watu wawili ndani ya siku tatu, na mchango ufuate nyuma ya miguu. Hatukuafikiana kuhusu nauli ya bodaboda kwa wanaokaa mbali. Mweka hazina anasema mfuko hautabeba, katibu anasema utabeba. Naomba mkutano uamue leo, maana sisi tumebishana vikao viwili na chai imepoa vyote viwili.

Zamu ya kwanza tumejiandikia mimi na katibu. Jumamosi tunapanda kwa yule mama, naye ameshatuma salamu kwamba mwenyekiti aje na kisu kikali.