Barua ya wazi kwa wahudumu wapya wa afya ngazi ya jamii

Wanangu,

Salaam nyingi. Mmemaliza mafunzo, mmepewa mkoba na daftari, na karibuni mtaanza kubisha hodi majumbani. Kabla hamjatoka, nataka mmjue Dakta Sara Josephine Baker wa New York, kwa sababu kazi mnayoiendea aliifanya zaidi ya miaka 100 iliyopita, tena kwa mpango ambao wengi bado hatujaufikia.

Alizaliwa 1873. Homa ya matumbo ilimchukua baba yake yeye akiwa na miaka 16. Akasomea udaktari, akahitimu 1898 katika chuo cha wanawake, kisha 1901 akaajiriwa na idara ya afya ya jiji kama mkaguzi. Hayo tuyapite upesi. Kaeni na kiangazi cha 1908.

Wakati wa joto maziwa yalichacha, na kuharisha kuliua watoto wengi katika nyumba za kupanga za mashariki ya Manhattan, walikobanana wahamiaji. Mtoto akishalegea na kuishiwa maji, daktari wa siku hizo hakuwa na la maana la kufanya. Kwa hiyo Dakta Baker akawaendea walio wazima. Shule zilikuwa zimefungwa na manesi wa shule hawana kazi, akawachukua 30. Kila siku aliletewa majina na anwani za watoto waliotoka kuandikishwa, na nesi akapanda ngazi hadi mlangoni mtoto akiwa bado mchanga, hajaugua. Mama alielekezwa amnyonyeshe, afungue dirisha, amwogeshe kila siku, asimviringishe manguo mazito wakati wa joto. Mkobani hamkuwa na dawa ya ajabu. Kiangazi kilipokwisha, vifo vya watoto katika eneo lile vilikuwa vimepungua kwa 1,200 kuliko kiangazi cha mwaka uliotangulia. Mwaka huohuo jiji likaanzisha ofisi ya afya ya watoto, naye akaiongoza hadi 1923.

Kilichobeba kazi yote ile ni orodha. Nesi hakungoja aitwe. Na orodha huvujia palepale siku zote: wapangaji waliohamia juzi, binti aliyejifungulia kwa shangazi yake, mama aliyejifungulia nyumbani usiku. Hao hawaji wenyewe kliniki. Muulizeni balozi wa nyumba kumi, muulizeni mkunga wa jadi, kisha jazeni daftari.

Jambo la pili ni macho. Kisonono cha mama huweza kumpofusha mtoto anayezaliwa, na kinga ya wakati ule ilikuwa matone ya naitreti ya fedha. Lakini chupa zilichafuka, au maji yalikauka humo dawa ikazidi ukali, ikaunguza jicho lilelile iliyokuja kuliokoa. Wengi wangemlaumu mkunga. Dakta Baker aliikagua chupa, akatengenezesha vidonge vya nta ya nyuki, kila kimoja kikiwa na dozi ya jicho moja, viwili kwa kila mtoto. Mnapoona dawa nzuri inaleta madhara, chunguzeni kwanza inavyohifadhiwa na inavyopimwa.

Wakunga wenyewe hakuwafukuza, ingawa madaktari wengi walitaka hivyo. Aliwafundisha, akawapa leseni, akawakagua. Nadhani hapo alikuwa na busara kuliko wenzake wote.

Aliona pia kwamba mama akienda kiwandani, mtoto hushinda na dada yake. Basi akaunda vikundi vya wasichana wa kuanzia miaka 12, wakafundishwa kuogesha na kulisha. Nanyi mkiingia nyumbani mtazameni anayembeba mtoto mchana kutwa. Akiwa ni bibi au mtoto wa darasa la sita, huyo ndiye wa kuzungumza naye, kwa heshima, na arudie kwa mikono yake mlichomwonyesha.

Mtapingwa. Alipoteuliwa, madaktari 6 wanaume waliokuwa chini yake walitaka kujiuzulu kwa kuwa mkuu ni mwanamke. Akawaomba wakae mwezi mmoja kwanza, wakabaki. Baadaye madaktari zaidi ya 30 wa Brooklyn walimwandikia meya wakilalamika kwamba ofisi yake inawaharibia kazi, watoto hawaugui tena. Hiyo ilikuwa ripoti bora kuliko zote alizopata.

Basi siku ya kwanza mkigawiwa vitongoji, msianze kuuliza nani mgonjwa. Ulizeni nani kajifungua wiki hii.

Mama yenu,
Mkunga mstaafu