Mnaotafuta nyumba Mombasa, pigeni hesabu ya joto pia

Mhariri, asalaam aleikum na pole na kazi.

Naandika hii barua saa saba usiku, watoto wamelala sakafuni juu ya mkeka manake godoro limekuwa moto kama lilianikwa juani, feni zote zazunguka lakini zapiga ule ule upepo wa moto, na mimi nimekaa mlangoni na simu nikaona heri niandike haya kuliko kusubiri usingizi ambao najua hauji mpaka karibu na alfajiri. Ni mwezi wa tatu, kaskazi imekatika na kusi haijaanza kuvuma, na mtu wa Mombasa hahitaji kuelezwa hiki kipindi kilivyo, ni fukuto tupu, jani halitikisiki.

Ninalotaka kusema ni kwamba sisi tukitafuta nyumba twauliza kodi ngapi, diposi miezi mingapi, maji yapo, basi. Hatuulizi nyumba ina joto kiasi gani. Na joto lina bili yake, tena kubwa, ila hailetwi kwa karatasi moja ndo maana hatuioni, yaja vipande vipande, leo tokeni ya stima, kesho mtungi wa maji, kesho kutwa poda ya harara ya mtoto, mwisho wa mwezi mwauliziana pesa imekwenda wapi.

Mwaka juzi tulikuwa twakaa Kibokoni, Mji wa Kale, vyumba viwili ndani ya nyumba ya zamani, kodi 12,000. Mimi ni fundi wa kushona, cherehani yangu iko Majengo, natembea kwa miguu nafika, mume wangu yuaendesha tuktuk. Mambo yakabana kama yalivyombana kila mtu, unga, mafuta, ada za shule, tukasema tupunguze kodi. Tukasikia Kisauni kuna fleti mpya, vyumba viwili, choo ndani, tailsi mpaka jikoni, ghorofa ya mwisho 8,500. Tukapiga hesabu hapo hapo, tunaokoa 3,500 kwa mwezi, mwaka mzima ni 42,000, hiyo ni ada ya mtoto mmoja imeshatoka. Nilifurahi, siwezi kudanganya. Na kwenda kuiangalia tulienda asubuhi saa mbili, wakati nyumba yoyote ile Mombasa ni nzuri.

Sasa nieleze mambo yalivyokuwa. Kibokoni nilikuwa na feni moja, tokeni ya 700 yatosha mwezi. Hapa feni ni tatu na kuna friji tuliyonunua mtumba kwa sababu wali wa usiku ukiuacha jikoni alfajiri umeshachacha, na mboga ya nazi ndo usiseme, kwa hiyo stima sasa ni 2,400. Fundi mmoja wa stima alinifafanulia na mimi nikaelewa, feni ya kawaida ni kama wati 60, ukiiwasha masaa 12 kwa siku mwezi mzima yala kama yuniti 21, zikiwa tatu ni zaidi ya 60, na tangu 2023 stima ya nyumbani bei yake imepangwa kwa ngazi, aliye chini ya yuniti 30 kwa mwezi ana bei yake ya chini, akizidi 30 yapanda, akizidi 100 yapanda tena. Yaani feni peke yake zishakutoa kwenye bei ya maskini kabla hujachaji hata simu. Kiyoyozi sikitaji kabisa, hicho hata kile kidogo ukikiwasha usiku tu mwisho wa mwezi ni yuniti mia na kitu.

Maji nayo. Hapa yaja kwa bomba mara mbili kwa wiki, siku nyingine twanunua kwa mkokoteni, mtungi wa lita 20 kwa 30. Joto likizidi watoto waoga mara tatu, na hapo siwezi kuwakataza, mdogo alitoka harara shingo nzima na mgongo mpaka akawa hawezi kuvaa shati ya shule. Huo ni mtungi mmoja zaidi kila siku, 900 kwa mwezi. Stima imezidi 1,700 na maji 900, hiyo ni 2,600 imeliwa na joto peke yake kati ya zile 3,500 nilizojisifu nazo. Kisha kuna nauli ya Majengo, mia kwenda na kurudi, hiyo siwezi kuisingizia joto, ni makosa yetu ya kutoangalia mbali, lakini ni 2,600 nyingine. Kwa hiyo nyumba ya 8,500 yanigharimu zaidi kuliko ile ya 12,000. Na sijaweka usingizi. Mtu hajalala siku nne mfululizo akate gauni la harusi la mtu? Mwezi uliopita nilikata kitambaa cha mteja vibaya, nikanunua kingine kwa pesa yangu.

Baadaye ndo nilikuja kujua kwa nini ghorofa ya mwisho huwa rahisi. Slabu ya juu yaota jua kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, simiti yalinywa lile joto lote taratibu, halafu jua likizama ndo yaanza kulitoa, na yalitoa chini, kwetu, usiku kucha. Ukipandisha mkono ukagusa dari saa nne usiku wahisi kama wagusa upande wa jiko. Dirisha la chumba cha watoto laangalia magharibi kwa hiyo lapigwa na jua la jioni, na upande ambao kusi ingeingia kuna ukuta wa jirani, futi nne kutoka kwetu. Nilimwomba landilodi apake chokaa nyeupe huko juu, nikamwambia sisi wapangaji tuko tayari kuchangia, akasema kama kuna joto nihame.

Wengine watasema si Mombasa ni joto tangu enzi, babu zetu walikaa vipi. Ni kweli ni joto, Februari na Machi mchana ni digrii 32, 33 na usiku haishuki sana chini ya 25, na hewa ina unyevu wa bahari kwa hiyo jasho halikauki mwilini, na jasho lisipokauka mwili haupoi. Lakini babu zetu hawakukaa kama sisi, na hapo ndo uchungu wangu ulipo. Nyumba tuliyotoka Kibokoni ukuta wake ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake mkono wangu kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole, dari iko juu kabisa imeshikwa na boriti za mikoko, madirisha marefu yana vipazia vya mbao waviacha wazi usiku upepo wapita na mpita njia hakuoni. Kichochoro ni chembamba kwa hiyo nyumba hii yaifunika ile kwa kivuli. Makuti vile vile, nyumba ya makuti ni baridi kwa sababu joto lapenya na kutoka juu. Wazee hawakuwa na digrii za ujenzi, walijua tu kusi yatoka wapi na kaskazi yatoka wapi, wakajenga kwa kuuliza upepo. Sisi tuna ramani za kompyuta twajenga majiko.

Kulikuwa na wazo la kuhama kabisa. Wifi yangu ameolewa Wundanyi, kule Taita, likizo ya Desemba tukaenda wiki tatu. Mhariri, nililala na blanketi! Kule ni juu, mita kama 1,400 kutoka usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 1,000 joto lapungua kama digrii 6, kwa hiyo hata kama Voi hapo chini kunaungua wewe ukipinda zile kona za kutoka Mwatate wahisi hewa yabadilika, unafunga dirisha la matatu mwenyewe. Harara ya mtoto iliisha siku ya nne bila dawa. Kodi ya chumba kizuri 3,000, kabeji na nyanya ambazo sisi twazinunua Kongowea zikiwa zimeshapandishwa bei njiani kule wazitoa shambani, feni hakuna mtu anayo. Mume wangu alikuwa ameshaanza kuulizia vyumba.

Lakini nikapiga hesabu tena, safari hii vizuri. Wifi akaniambia mwezi wa sita na wa saba ukungu washuka mchana kweupe, nguo ya mtoto haikauki siku tatu, sweta, viatu vya kufunika, blanketi za watu sita, makaa ya kuota moto. Mama mkwe wangu ana maradhi ya miguu, baridi ya Desemba tu ilimfanya ashike ukuta kutembea. Samaki na nazi ni vya kupandishwa kutoka huku kwa hiyo bei ni nyingine. Na zaidi ya yote, nani atanishonesha? Mimi mteja wangu ni wa deera, kanzu za madrasa, magauni ya arusi za Mombasa, na mume wangu tuktuk kwenye ile milima hapana. Hali ya hewa nzuri bila kazi ni likizo, wiki ya nne ungekuwa waomba nauli ya kurudi. Nairobi sitaisemea sana, dada yangu yuko Pangani, Julai analala na soksi na kodi yake ni karibu mara mbili ya yangu.

Kwa hiyo sisemi watu wahame Mombasa. Nasema Mombasa yenyewe si joto moja. Kati ya Kibokoni na hapa ni kilomita chache tu lakini ni kama miji miwili. Kwa hiyo wewe unayetafuta nyumba, tafadhali, usiende asubuhi. Nenda saa tisa mchana uingie chumba cha kulala ufunge mlango ukae dakika kumi, halafu rudi saa nne usiku uguse dari na ukuta wa magharibi. Mwombe anayehama akuonyeshe meseji zake za tokeni za Februari na Machi, si za Julai. Angalia kama kuna dirisha pande mbili, manake dirisha moja halivuti upepo, upepo lazima uwe na pa kutokea. Ghorofa ya mwisho ikiwa rahisi uliza ni kwa nini. Na kama kuna mwarobaini au mkungu uani, hata kama kodi imezidi elfu moja, kaa hapo.

Na kwa kaunti, ramani za nyumba ni nyinyi mwazipitisha. Mwaangalia choo, mwaangalia ngazi, angalieni na upepo basi. Mtu asiruhusiwe kujenga fleti ya watu arobaini dirisha likitazama ukuta wa jirani futi nne. Paa la simiti lipakwe nyeupe au liwekewe kivuli, ni gharama ndogo ukilinganisha na jengo lenyewe. 2018 mliamuru wenye majengo ya mjini wayapake nyeupe na bluu kwa ajili ya kupendeza, basi hiyo nyeupe ipandisheni na juu ya paa ambako yasaidia mtu kulala. Na mkikata miti kupanua barabara pandeni mingine, Kisauni ukitembea saa saba mchana kutoka stejini mpaka ndani huku hupati kivuli cha kusimama na mtoto.

Sisi hapa twatoka mwisho wa mwezi. Tumepata vyumba viwili Kibokoni tena, si nyumba ile ya kwanza, ni ya jirani yake, na kodi imeshapanda ni 13,000. Ina shida zake, ngazi ni za kusimama wima na mama mkwe itabidi ashikwe, maji ya kisima ni ya chumvi, na plasta yabanduka pembeni. Nimeenda mara tatu. Mara ya mwisho ilikuwa juzi baada ya isha, stima zilikuwa zimepotea mtaa mzima, hakuna feni hakuna nini, nikakaa chini gizani nikaegemeza mgongo ukutani, na ukuta ulikuwa baridi. Nikampigia mume wangu hapo hapo nikamwambia alipe diposi.

Wenu msomaji,
Fundi cherehani na mama wa watoto watatu,
Kisauni, Mombasa