Kaka, kuhusu yule samaki wa Yona

Kaka, shikamoo.

Najua hunisomi, ila wifi atakusomea. Mwezi wa nne huu hupokei simu zangu. Arobaini ya baba nimeisikia kwa mama mdogo, nikatuma mchango, ukaupokea kimya.

Usiku ule wa kuamkia mazishi, pale chini ya turubai, mtoto wa jirani ndiye aliyeniuliza: Yona alimezwa na samaki gani? Nikamwambia kitabu cha Yona kinasema "samaki mkubwa" tu, nyangumi tunamkuta kwenye Mathayo 12 katika Biblia yetu ya Muungano. Nikaongeza kwamba hata samaki asingekuwepo, fundisho lingebaki palepale. Basi. Ukainuka, ukachukua kipaza sauti cha wanakwaya, ukasema marehemu ameacha mtoto mmoja tu wa imani. Baba yuko sebuleni, ndani ya jeneza.

Mama alijifunika kanga usoni. Maneno yako ningeyameza, ile kanga siwezi.

Hoja yako naijua, na si ya kijinga. Yesu mwenyewe alimtaja Yona, siku tatu mchana na usiku tumboni kama yeye kaburini, kwa hiyo ukimgusa samaki umegusa na ufufuo. Lakini Yesu huyohuyo alisimulia Msamaria mwema, na sijakusikia ukiuliza nyumba yake ilikuwa kijiji gani. Ninawi, kule Yona alikotumwa, ulikuwa mji kweli, magofu yake yapo Mosul, Iraki, sibishi. Yona mwana wa Amitai naye yumo katika 2 Wafalme 14. Ila soma tena sura ya 3, kaka: wanyama wanafungishwa chakula na kuvikwa magunia! Anayesimulia hivyo anataka ucheke kwanza. Halafu angalia, sura nne nzima, samaki kapewa mistari mitatu. Kwingine ni mtu kanuna chini ya mtango kwa sababu Mungu kawasamehe watu aliotaka waangamie.

Umesahau baba alivyokuwa akitusimulia tukiparua samaki nyuma ya jiko? Leo Yona kamezwa na sangara, kesho kamongo, na siku akirudi ziwani mikono mitupu, kamezwa na dagaa, "ila walikuwa wengi." Wewe ukiwa darasa la tatu ulikuwa unamsahihisha. Yeye anacheka mpaka kisu kinamtoka mkononi. Je, aliamini? Nadhani aliamini kila neno. Sikuwahi kumuuliza.

Sawa, msibani mtu hafundishi, hapo nilikosa. Lakini mtoto kauliza, ningemfukuza? Na wiki zote zile za wodini nani alikuwa anamsomea baba, kaka? Alikuwa anaomba huyohuyo Yona. Wewe ulikuwa na semina.

Biblia yake umeichukua, ni haki yako, wewe ndiye mkubwa. Yona sura ya 4 utakuta gamba la sangara limekauka, ndiyo alama yake ya kusomea. Usilitupe ukidhani ni uchafu.