Kabla hujalipa ada ya masters ya afya, uliza kwanza kama programu yenyewe ina ithibati

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niongee na wenzangu wa kada za afya huku Moshi na Arusha, manesi, matabibu, watu wa maabara, wafamasia na madaktari vijana, maana kila dirisha la masters likifunguliwa simu zetu zinajaa matangazo ya vyuo na swali ninalolisikia wodini na kwenye magrupu ya WhatsApp ni moja tu, ada shilingi ngapi. Ni mara chache sana kumsikia mtu anauliza hiyo programu imepitishwa na nani, na hiyo ndo ithibati ninayoiongelea. Mimi ni muuguzi, nimekaa kwenye hii kazi muda mrefu, na jambo hili linaniuma kwa sababu wanaoumia ni watu wazima wenye familia, watu ambao wamejinyima kweli kweli ili wasome.

Kuna dada tulikuwa naye kazini, sitamtaja na chuo pia sitakitaja. Alijilipia masters mwenyewe, mumewe akauza ng'ombe wa maziwa, yeye akachukua mkopo saccos, akasoma mpaka akamaliza, joho akavaa, ndugu wakatoka mpaka Rombo kuja kumpongeza. Aliporudi kwa mwajiri na barua ya kuomba abadilishiwe muundo, yani apandishwe cheo na mshahara kwa elimu mpya, ndo anaambiwa programu ile haikuwa imepitishwa na TCU, yani Tume ya Vyuo Vikuu, wakati anaanza kusoma. Chuo chenyewe kipo kihalali, kina usajili, majengo yapo na walimu wapo, ila ile kozi ilikuwa bado. Mpaka leo mshahara wake ni wa digrii ya kwanza na saccos wanakata kila mwezi. Sasa niambie hapo ada nafuu ilimsaidia nini.

Na hapa ndipo wengi wanapochanganya. TCU tangu ianze kazi 2005 haisajili chuo tu halafu ikamaliza, kila programu inapitishwa peke yake, na ithibati ina muda wake, ikiisha lazima ihuishwe. Kwahiyo chuo kinaweza kuwa na MD, digrii ya udaktari, safi kabisa inayotambulika lakini masters waliyoianzisha juzi ikawa bado iko mezani. Wanaokumbuka 2017 watanielewa, TCU ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na kwenye vyuo vingine 22 ikazuia programu 75 huku vyuo vyenyewe vikiendelea kama kawaida. Hao wa kundi la pili ndo mfano wangu. Geti liko wazi, basi la chuo linapita barabarani, ila kozi unayoitaka imefungwa, na usipouliza hutajua.

Halafu TCU siyo mwisho wa safari, kuna mabaraza yetu. Nesi ana Baraza la Uuguzi na Ukunga, daktari ana Baraza la Madaktari Tanganyika, mfamasia ana Baraza la Famasi, na watu wa maabara nao wana la kwao. Baraza ndo linakupa leseni, kwahiyo lenyewe ndo litakalosema hiyo elimu ya ziada linaiandika vipi kwenye jina lako. Mfano mzuri ni MPH, yani masters ya afya ya jamii. Manesi wengi wanaikimbilia kwa sababu kuna vyuo inaisha kwa mwaka mmoja, na ni digrii nzuri sana kwa mtu anayetaka kazi za halmashauri, miradi ya VVU au malaria, takwimu, usimamizi, siibezi hata kidogo. Lakini haikufanyi kuwa nesi bingwa wa wagonjwa mahututi, na haikufanyi kuwa mkunga bingwa. Kama roho yako iko ICU au leba basi tafuta masters ya uuguzi ya fani hiyo, hata kama ni ndefu zaidi na ghali zaidi. Nimeona watu wamesoma MPH kwa sababu ilikuwa rahisi kulipia, wamerudi wodini palepale na wanauliza mbona hawajaitwa mabingwa. Barua moja kwenda baraza kabla ya kuomba chuo ingewaokoa.

Tuje kwenye hela sasa, maana najua ndo inayowaumiza vichwa watu. Ile namba kubwa kwenye tangazo ni mlango tu. Tuseme tangazo linasema milioni 3 kwa mwaka, kozi miaka miwili, wewe unapiga hesabu milioni 6 unafurahi. Subiri kwanza. Kuna usajili, kuna mitihani, kuna kitambulisho, kuna bima ya afya, kuna mchango wa serikali ya wanafunzi, kuna maombi ya kibali cha maadili ya utafiti na kama risechi yako inahitaji kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, hicho nacho kina ada yake, kuna nauli za kwenda kukusanya data, kuna kuprinti na kubaindi tasnifu. Alafu kuna kile kinachowamaliza watu kabisa, tasnifu kuchelewa. Msimamizi yuko safarini, msimamizi ana wanafunzi kumi na tano, koreksheni zinakaa miezi, mwaka wa masomo unageuka na wewe unatakiwa ulipe tena ili ubaki kwenye orodha. Kwahiyo unapomuuliza mtu wa udahili ada, muulize pia hivi, wanafunzi walioanza pamoja miaka mitatu iliyopita wangapi wamemaliza kwa wakati? Akishindwa kukujibu, watafute waliosoma pale wakuambie. Kwangu mimi hilo swali lina uzito kuliko kutofautiana kwa ada kwa laki tano.

Na kwa madaktari wanaotaka MMed, yani masters ya udaktari bingwa, ni hivyohivyo, kuna sehemu ni miaka 3 na kuna sehemu ni 4 kutegemea fani na chuo, na anayejilipia anafanya kazi wodini usiku na mchana kama mwanafunzi huku hana posho. Mwaka mmoja wa ziada hapo siyo ada tu, ni mwaka mzima wa kula, kodi ya nyumba na watoto shule.

Jambo lingine ambalo watu wanaona haya kuliongea ni mshahara. Wengi tunaosoma masters bado tunalipa Bodi ya Mikopo ya digrii ya kwanza, asilimia 15 ya mshahara inaondoka kabla hujaiona. Ukiongeza mkopo wa benki unakutana na ile kanuni kwamba lazima theluthi moja ya mshahara ibaki, kwahiyo benki inaweza isikupe kile unachokitegemea na wewe ulishachukua kontroo namba na kulipa awamu ya kwanza. Piga hesabu hiyo kabla. Na kama uko serikalini hakikisha jina lako limo kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri na ruhusa ya masomo umeishika mkononi kwa maandishi, siyo "bosi alisema nenda tu". Bosi akihama umebaki peke yako. Uliza pia kuhusu ufadhili wa Wizara ya Afya kwa wanaosomea ubingwa, upo, watu wanaupata, ila wengine hawaombi kwa kudhani ni wa watu wa Dar.

Kwa sisi wa huku kaskazini tuna bahati ambayo hatuitumii vizuri. Hospitali ya KCMC ipo hapa Moshi tangu 1971, chuo chake kilianza 1997 na sa hivi kinaitwa KCMC University baada ya miaka mingi ya kuwa chuo kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira. Mtu wa Rau au Kiboriloni anayesoma pale analala kwake, anakula kwake, na hiyo ni hela nyingi hata kama ada ya Muhimbili au Dodoma au Bugando itaonekana iko chini kidogo. Sisemi wote wasome hapa, Muhimbili ina fani ambazo kwingine hamna, nasema linganisheni jumla na jumla, msilinganishe ada na ada.

Na Arusha kuna kitu kikubwa ambacho nashangaa madaktari wetu vijana hawakiongelei sana. Makao makuu ya COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, yako Arusha. Kilianza 1999, hakina majengo ya madarasa, unafundishwa kwenye hospitali waliyoikubali huku unafanya kazi yako na mshahara wako unaendelea, miaka 2 ya mwanzo unafanya mtihani wa uanachama halafu unaendelea na fani yako mpaka ufellow, yani ubingwa wenyewe. Ada yake haifanani na ya kukaa chuo kikuu miaka yote hiyo. Anayependa upasuaji aende akaulize, akitoka hapo aulize na Baraza la Madaktari njia hiyo inaandikwaje, ndo aamue.

Nimalizie na hizi za mtandaoni za nje, maana zimekuwa nyingi na vijana wanazipenda. Mtu anaona MPH ya Marekani, anasoma akiwa Njiro sebuleni kwake, cheti cha Marekani, anaona amepata. Kwanza bei. Kule ada wanaihesabu kwa krediti, yani vipimo vya masomo unayosoma, na MPH inayotambuliwa na CEPH, hilo ndo baraza linalotoa ithibati ya shule za afya ya jamii Marekani tangu 1974, inataka krediti zisizopungua 42. Tangazo likisema dola 500 tu, ujue ni kwa krediti moja, zidisha mwenyewe, ni dola 21,000. Pili, na kule mambo ni yaleyale ya kwetu, chuo kizima kinaweza kuwa na ithibati yake na programu ya afya ya jamii ikawa haina ya CEPH, hivyo angalia zote mbili. Tatu, ukirudi na cheti cha nje TCU ndo inakitambua, na mwajiri wa serikali atataka hiyo barua ya utambuzi. Waandikie TCU kabla hujatuma dola hata moja, uwatajie chuo, programu na kwamba unasoma kwa mtandao, usubiri wakujibu kwa maandishi. India vilevile, Uganda vilevile. Kuwa pamoja na Uganda kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki hakuondoi hiyo hatua.

Sasa Mhariri, ombi langu kwa vyuo ni dogo na haliwagharimu kitu. Kila tangazo la masters ya afya liandike vitu viwili sehemu moja, kwa Kiswahili: programu imepitishwa na TCU lini na ithibati inaisha lini, na jumla ya gharama zote mpaka mtu anashika cheti, siyo ada ya mwaka wa kwanza peke yake. Chuo ambacho kila kitu kiko sawa kitaandika kesho. Na TCU, yale maonesho ya vyuo vikuu ya Mnazi Mmoja ni mazuri lakini nesi wa zamu wa Same au Karatu hawezi kuyafuata Dar, leteni na huku, hata siku mbili tu pale uwanja wa Sheikh Amri Abeid Arusha, mje na watu wa mabaraza wakae meza moja na vyuo, mtu aulize papohapo.

Na gazeti lako naliomba, kabla dirisha lijalo halijafunguliwa, lichapishe orodha ya masters zote za afya zilizopitishwa. Ukurasa mmoja unatosha. Mimi nitaubandika kwenye ubao wa wodi yetu.

Muuguzi,
Rau, Moshi