Shukrani kwa fundi aliyetufundisha kufunika jina la mpenzi wa zamani

Fundi wetu, uliyepita Mtwara ukatufundisha kazi na kuomba usitajwe, sisi wachora tatuu wa hapa mjini tunakushukuru kwa dhati.

Kubwa kuliko yote ni hili ulilotusisitizia: wino mpya hauketi juu ya ule wa zamani kama rangi ya ukutani, unachanganyika nao ndani ya ngozi. Ndiyo maana nyeupe au njano haifuti jina jeusi. Mchoro mpya uwe mkubwa mara 2 hadi 3 ya ule wa kwanza, na sehemu zake nyeusi zaidi ziangukie kwenye herufi nzito. Kwanza nakili herufi kwa karatasi angavu, kisha panga mchoro juu yake. Tawi la mkorosho, pamoja na majani na mabibo yake, linaficha vizuri kuliko maumbo ya mistari iliyonyooka, maana jicho hufuata majani na kupoteza herufi. Na mteja aambiwe mapema, kwa upole: kovu lililoinuka litabaki kuonekana, wino haulisawazishi.

Sindano mpya kwa kila mteja. Kina ni milimita 1 hadi 2. Ukizidisha, wino unasambaa na kuacha kivuli cha bluu. Tatuu ambayo haijapona isiguswe. Baada ya kazi, wiki 2 hadi 4 bila kuogelea baharini wala kuianika juani.

Asante sana, fundi. Mungu akuzidishie, na ukipita tena Kusini, karibu kwetu.