Mashabiki wa Safari Rally, ondoeni mawe yenu barabarani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi mashabiki wenzangu wa Safari Rally wanaotoka huku Nyanza na Magharibi: gari likiwaharibikia njiani, msiondoke mkaacha barabarani mawe na matawi mliyoweka kuwaonya wengine.

Mimi ni fundi wa magari hapa Kibuye, Kisumu. Mara ya mwisho mbio zilipofanyika Naivasha, nilipanda gari la mpwa wangu pamoja na vijana wenzake. Tuliondoka usiku ili kupambazuke tukiwa Elementaita, tuone magari yakipita Sleeping Warrior, kipande kimojawapo cha mbio hizo. Baada ya Kericho nilikuwa nikiwasimulia habari za Joginder Singh, mzaliwa wa mji huo aliyeshinda Safari mara tatu, geji ya joto ikaanza kupanda. Tukaegesha kando. Kabla sijashuka vizuri, mpwa wangu alikuwa keshafungua boneti, kitambaa mkononi, anataka kuzungusha kifuniko cha rejeta. Nilimvuta shati.

"Mjomba, si tuongeze maji tu?"

Maji yale yangemrukia usoni.

Ugonjwa huu naujua. Kisumu iko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Mau Summit, tunapopita kwenda Naivasha, inapita 2,400. Huko juu maji hayangoji nyuzi 100, huchemka kwenye 92 hivi. Yanazuiwa yasichemke na kifuniko kinachobana presha ndani ya rejeta. Springi yake ikilegea, gari linalozunguka Kondele hapa mjini mwaka mzima bila shida litachemka mlimani. Nanyi mafundi wenzangu mnaong'oa thamostati, kifaa kinachodhibiti joto la injini, na kumwambia mwenye gari "sasa iko sawa", mnawatia watu hatarini.

Tuliweka pembetatu ya kuonya madereva wengine, tukangoja injini ipoe, nikafunga kifuniko kingine nilichobeba kwenye mfuko wa spana, tukaongeza maji, tukaondoka. Hilo lilikwisha.

Yaliyotuumiza ni mawe. Tukiteremka Sachangwan, ukungu umetanda, taa zilimulika mawe makubwa yaliyopangwa kwenye leni yetu na tawi limelazwa mbele yake. Gari lenyewe halikuwapo. Mwenyewe alikuwa ametengeneza akaenda zake. Kulia kwetu lori lilikuwa linapanda, kwa hiyo mpwa wangu hakuwa na pa kukwepea. Tairi la mbele liligonga, rimu ikapinda, tairodi, chuma kinachogeuza gurudumu, ikakatika, na kijana mmoja wa nyuma akapasuka paji la uso. Tulimkimbiza Nakuru kwa gari la msamaria mwema, akashonwa. Mbio hatukuziona. Na pale ni Sachangwan, Mhariri, mahali ambapo zaidi ya watu 100 waliteketea mwaka 2009 lori la mafuta lilipolipuka. Mtu anaachaje mawe mahali kama pale?

Hao madereva wa WRC, yaani mashindano ya dunia ya rally, tunaowafuata, gari likikwama katikati ya mashindano, lazima waweke pembetatu nyekundu angalau mita 50 nyuma yake, hata likiwa nje ya njia. Wasipofanya hivyo wanaadhibiwa. Wanashindania sekunde, lakini hilo wanalifanya, kwa sababu kuna mwenzao anayekuja nyuma kwa kasi. Sisi wenye safari ya kujifurahisha tunashindwa nini?

Sheria yetu nayo inataka kila gari libebe pembetatu. Wiki ya mbio polisi wa trafiki huwa wengi kutoka Kericho hadi Gilgil. Nawaomba waulizie pembetatu kabla ya kuulizia kitu kingine chochote, na wakipita doria usiku waondoe mawe wanayoyakuta.

Kwa wanaotoka Kisumu: wiki moja kabla ya mbio zijazo, leteni magari Kibuye. Nitawapimia kifuniko cha rejeta na kukagua mipira ya maji bila malipo. Njooni asubuhi, injini ikiwa bado baridi.

Fundi wa magari,
Kibuye, Kisumu